Hofu Ninayoishika kwa Kiganja

Osiri, Jumapili mchana

Mama yangu,

Kabla hata sijakusalimu, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: chini ya chumba ninacholala na Baraka, mtoto wa mama mdogo, watu wanachimba.

Sasa ndiyo nakusalimu. Mgongo umepoa? Dagaa zako za omena zinakauka na mvua hii? Mimi mwilini niko sawa. Ningepiga simu, lakini simu ni ya baba mdogo na siwezi kuongea akisikiliza. Anayechimba ni yeye, mama. Shimo lake la nyuma ya nyumba lilikuwa linaelekea mtoni, lakini mshipa wa dhahabu umegeuka naye ameufuata hadi chini yetu. Nilipomuuliza alicheka.

"Wewe nyar Sindo, binti wa Sindo, hapa si ziwani. Mawe ya huku ni magumu kuliko kichwa chako. Na usimwambie mama Baraka, ataanza nduru za bure."

Mama mdogo akisikia ile sauti ya kugonga chini husema ni panya.

Juzi mwalimu wa Kiswahili alitufundisha neno dhahania. Alisema ni kitu kisicho na umbo, unakijua lakini hukioni wala hukishiki. Akataka mfano. Otieno, mchokozi wa darasa, akasema, "Nyama kwa githeri ya shule, mwalimu! Ni mahindi na maharagwe tu!" Tulicheka hadi mwalimu akacheka. Kisha akaninyooshea mimi kidole, nami nikasema kwa sauti ya chini, "Hofu."

"Vizuri sana. Hofu haishikiki."

Nikakaa. Yangu naishika kila siku nikiweka kiganja sakafuni. Inagonga.

Mwalimu aliongeza kwamba tunalitumia neno hilo hata kwa vitu ambavyo mtu amejitungia kichwani tu. Hapo nikajishuku. Nikaweka sufuria ya maji sakafuni, nikatazama. Maji yalitetemeka. Chini ya kitanda kuna ufa, kidole changu kinaingia chote. Na jana Baraka alilaza sikio pale akaniambia, "Dada, fungua, kuna mtu anabisha."

Mama, naomba umpigie mama mdogo, umwambie nyanya anataka kumwona mjukuu, Baraka aje Sindo. Ukiweza uniite na mimi. Naogopa kulala humu.

Nisalimie baba, na nyanya, na kaka yangu aliye kule Kisegi, mwambie shati lake ninalo.

Nasikia slipa za mama mdogo uani, ametoka kanisani. Nimeshainua godoro nifiche ukurasa huu. Lakini wewe uko mbali, mama, na simu yako inaweza kuchelewa, na mtoto ni wake mama mdogo. Godoro nimeliachilia. Barua naiweka juu ya kitanda, wazi, mahali atakapoiona kabla hajakaa.

Amefika mlangoni.

Ni mimi binti yako,
Akinyi