Tonge la Kwanza ni la Nani

Kericho, kambi ya kiwanda cha chai
Jumapili jioni

Dada yangu Phanice,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Mguu wako unaendeleaje? Siku ya mazishi nilikuona unachechemea lakini sikuuliza, na hilo limenikaa. Na Mama, bado anakataa dawa ya presha mpaka afokewe? Mwambie mimi ndiye nimeuliza, pengine ataona aibu. Sisi huku tupo. Ukitaka kujua kama tu wazima nitasema ndiyo, kwa sababu hakuna aliyelazwa.

Naandika kwa sababu simu inanishinda. Karibu kila ukipiga nasema "tuko sawa," halafu nabaki nimeishika tu hata baada ya wewe kukata. Juzi uliposema utakuja Jumamosi kumchukua Kageha akae kwako huko Maragoli, maana mtoto hali kwa mkono wangu na nguo za mwaka jana bado zinamtosha, nilijibu "sawa." Hukunilazimisha. Lakini siku hizi nasema sawa kwa kila kitu, hata msimamizi akiniongezea kazi. Barua hii anakuletea Zablon, yule kijana wa fundi cherehani, anasafiri kesho. Isome kabla hujafunga begi.

Tangu tumzike Mama Kageha, mimi naamka, naenda kiwandani, natandaza majani ya chai yanyauke, natoka saa tisa, namchukua mtoto kwa Mama Chebet, napika. Mama Chebet unamjua, jirani wa mlango wa pili, mtu wa Ndanai, yule aliyekupa mursik, maziwa yao ya mgando, ukaitazama ukauliza kama ni maziwa au ni jivu. Kageha anamaliza kibuyu kizima akiachiwa. Jioni namkuta ana masharubu ya kijivu. Watu wananiuliza nasikiaje moyoni. Sisikii kitu, dada. Ni kama ukikalia mguu ukafa ganzi, unaugusa na unajua ni wako, basi.

Sasa nikueleze vile huyu mtoto anavyokula, ujue nilikuwa nakupa nini.

Chakula kikigusana, kimeharibika. Sukuma wiki ikitoka kidogo tu ikaenda kugusa ugali, sahani nzima inasukumwa mbali na yeye anageuka kuangalia ukuta. Kwenye maharagwe anatoa kitunguu kipande kwa kipande na kukibandika kwenye mguu wa meza. Omena anazisalimia. Anashika moja, anaiangalia machoni, anasema "sasa," anairudisha, anachukua nyingine. Akimaliza kusalimia zote chakula kimepoa. Uji ni kwa kifuniko cha thamosi, si kwa kingine. Ukimpa kile kikombe chenye maua ulichomletea, anakitazama, halafu anakutazama wewe kwa huruma. Yai anakula jeupe, kiini anajipaka kichwani. Nilimuuliza ni nini hiyo, akasema, "Mafuta."

Na ndizi! Ndizi ikivunjika ni kilio, anataka niirudishe vile ilivyokuwa. Siku moja nilichukua njiti ya kibiriti, nikaikata kichwa, nikaichomeka katikati, ndizi ikashikana. Akanyamaza. Akaigeuza huku na huku, akala upande mmoja. Tangu siku hiyo hakuna ndizi inayoliwa hapa bila njiti, hata iwe nzima.

Hayo yote nayaweza. Ni ugali ndio uliotushinda. Anakata tonge, analifinyanga refu kama kidole, analibonyeza na gumba, vizuri kabisa, mimi nakaa nikifikiri leo atakula. Halafu ananinyoshea mimi. Namwambia, "Kula wewe." Anasogeza. "Kageha, kula." Analisukuma mpaka linaingia kwenye ndevu. Nasema, "Baba ameshiba," na kweli jioni nakunywa chai ya rangi tu, koo halitaki kingine. Basi anashusha mkono, anakaa. Haendelei. Nimebembeleza, nimefoka, nimeimba nyimbo za Sunday school zote ninazozijua. Wapi! Nikaanza hata kumlaumu Mama Chebet kimoyomoyo, kwamba anamshibisha huko kwake na mursik yake.

Baadaye nikaanza kupata ugali mahali pasipo pa ugali. Mara kwenye mfuko wa jaketi. Mara ndani ya kofia, nikaivaa nayo. Wiki jana nilikuwa kiwandani, nikavaa gambuti niliyotoka nayo nyumbani, kidole kikaingia kwenye kitu baridi, laini. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi niliutoa, nikautupa, nikavaa kiatu, nikaenda kwenye majani. Jioni nikamwambia Kageha kuficha chakula ni tabia mbaya. Ndiyo siku ile ulipopiga simu nikakwambia mtoto anaficha chakula, mimi nimeshindwa.

Leo baada ya kanisa nilisonga ugali, nikampakulia na maharagwe pembeni, na yeye akiwa mezani nikaanza kukunja nguo zake kitandani. Mama Chebet akaingia kuchukua kibuyu chake. Akaona zile nguo.

"Mnaenda wapi?"

"Anaenda kwa shangazi yake. Hali."

"Nani hali?"

Nikamwonyesha. Kageha alikuwa ameshakata tonge, amenyosha mkono upande wangu, anangoja. Mama Chebet akamwangalia, akaniangalia.

"Fungua mdomo, Baba Kageha."

"Mimi nimeshiba, mama."

"Wee! Nimekuuliza kama umeshiba? Mtoto anakulisha, unakataa, halafu unasema ni yeye hali?"

Nikabaki nimeshika soksi. Ndipo akanieleza. Kwamba Mama Kageha alikuwa haweki kitu mdomoni kabla mtoto hajampa tonge la kwanza. Walianza kama mchezo wa kumfundisha kushika chakula, ukawa sheria. Mpaka mama ameze, mtoto hagusi sahani. Hata yeye Mama Chebet kila mchana analishwa kwanza. "Nilidhani unajua," akaniambia. "Si ni mtoto wako?"

Sikujua. Wakati huo zamu yangu ilikuwa ya jioni, nikifika nyumbani wamekula, wamelala, changu kimefunikwa mezani. Miaka miwili na nusu ya zamu hiyo, dada, na sikuwahi kukaa nao chini hata mlo mmoja wa jioni nikaona wanavyokula.

Halafu nikakumbuka gambuti. Mfuko. Kofia. Vyote vitu vyangu. Hakuwa anaficha. Nilipokataa kwa mdomo, alikuwa ananiwekea mahali nitakapopata.

Nikaketi, nikafungua mdomo. Tonge lilikuwa na ganda la haragwe na alama ya kidole chake. Nikatafuna. Akanishika taya: "Meza. Fungua. Nione." Sauti ni ya mama yake kabisa, ile ya kumpa dawa ya minyoo. Nikafungua, akachungulia mpaka kooni, akaridhika, akavuta sahani yake akaanza kula. Akala na mikono miwili, na pua, na mabega.

Ningependa kukwambia nililia, maana ndivyo mtu angetarajia. Sikulia. Lakini nilisikia ladha, na ladha yenyewe, dada, ugali ulikuwa mbichi. Mbichi katikati, unga unashika meno. Miezi yote hii nampikia mtoto unga wa moto, na kwa kuwa mimi sikuonja, nani angeniambia? Nikampa Mama Chebet kidogo. Akatafuna, akasimama, akasema, "Ui, hata ng'ombe angekupeleka kwa chifu." Nikacheka. Sauti ilitoka vibaya, imekwaruza, Kageha akaacha kutafuna akanitazama kuona ni nani.

Sisemi nimepona. Kesho naweza kuamka vilevile, niende, nitandaze majani, nirudi. Lakini nimekaa hapa mchana wote nikifikiria Jumamosi, na nimeogopa. Kuogopa nako ni kitu, sikuwa nimeogopa tangu mazishi. Huyu mtoto akienda, hakuna mtu mwingine duniani atakayechungulia kama nimemeza. Na yeye huko kwako atakata tonge na kutafuta wa kumpa. Amepoteza mmoja wa kulisha. Sitaki apoteze wa pili.

Kwa hiyo ile "sawa" yangu nairudisha. Usinikasirikie. Jumamosi uje, lakini usije na begi la kubebea nguo zake. Njoo na mwiko mkubwa wa Mama unifundishe kusonga ugali ukaiva, na fungu la mboga, mrenda wa nyumbani, huu wa hapa sokoni umekauka. Kaa wiki moja kama shemeji atakuachilia. Na ukifika, njoo na njaa. Atakupa kwanza. Tafadhali usimwambie umeshiba.

Nisalimie Mama, na shemeji yangu na pikipiki yake isiyowaka asubuhi, na mjomba Asava fundi wa paa, umwambie bado naikumbuka ile ahadi ya kuku. Ukipita kwa mama mkwe wangu mwambie mjukuu wake amekula leo mpaka akajikuna tumbo. Habari ya gambuti usimwambie, nitamweleza mwenyewe siku nikiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Elphas, baba yake Kageha

Hiyo alama ya mchuzi hapo kwenye kona si yangu. Ameniuliza naandikia nani, nikasema shangazi, akaleta tonge akalikandamiza kwenye karatasi. Nimelikwangua, alama imekataa kutoka. Atakuuliza Jumamosi kama ulimeza. Sema ndiyo.