Moyo wa Kusikia

Mahajanga, 21 Mei 1979

Shangazi yangu mpenzi Moinaecha,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na goti lako limepoa. Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa Kiswahili mlichotoka nacho Unguja wewe na marehemu baba, kwa sababu nyumba hii hakuna anayekisoma.

Unajua tangu nimalize shule mama amenileta kwa shemasi wa kanisa lake, Bwana Velonjara, nimshonee mkewe. Yuko msichana mpishi hapa, Soazara, mwenyeji wa Hell-Ville, huko huko kisiwani kwenu. Tunalala chumba kimoja. Ana mimba ya Dezire, mtoto wa shemasi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikipiga pasi Dezire alipomwambia, "Mtoto ni wangu. Pasaka ikipita nitapeleka posa kwa baba yako." Pasaka imepita, na Dezire anasema hajui lolote.

Wazee wa kanisa walimwita Soazara. Akasema, "Muulizeni Halimati, alisikia." Nikaitwa. Bwana Velonjara alikaa katikati yao. "Ulisikia nini, binti?" Nikatazama vidole vya miguu yangu, nikasema, "Sikusikia kitu."

Shangazi, akanisifu! "Huyu ana hekima, anamcha Mungu, hana mdomo." Wamenipa darasa la watoto la Jumapili, niwafundishe hekima ni nini na kumcha Mungu ni nini. Na Jumapili ya kwanza ya Juni, kabla ya mkate na divai, jina la Soazara litasomwa kuwa ni mzinzi na mwongo. Atatolewa kwenye kwaya akae benchi la nyuma peke yake. Hanisemeshi tena. Ananiwekea chakula, anageuka.

Nifanye nini?

Mwanao,
Halimati


Ambanoro, 11 Juni 1979

Mwanangu Halimati,

Assalaam alaykum, na mama yako msalimie sana. Goti bado linanitukana kila nikiinuka kuswali, lakini nashukuru. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nikimzalisha mama wa pacha, na pacha hawana haraka.

Barua yako imenichekesha kidogo, kisha nikaacha kucheka. Si wewe yule niliyekuwa nikimtuma chumvi anarudi mikono mitupu kwa kuona haya kumwita mwenye duka? Nani alitegemea ungewajibu wazee?

Kitabu chenu sikijui, na sitajitia mwalimu wako. Nasema kama shangazi. Zile siku sisi Wangazija tulipowindwa humo mjini, nyumba ya shemasi huyo ndiyo iliyokuficha wewe na mama yako. Jina lako ni la kwetu na sura yako ni ya kwetu. Ukimwaibisha mwanawe utakwenda wapi? Nyamaza. Mungu anaujua moyo wako. Soazara ana kwao.

Shangazi yako,
Moinaecha


Mahajanga, 9 Julai 1979

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Poleni na kazi, na hao pacha nawaombea uzima.

Nilinyamaza kama ulivyoniambia. La, nisikusingizie. Barua yako ilifika jina la Soazara limeshasomwa. Alivua kitambaa cha kwaya mwenyewe, akakikunja vizuri, akaenda nyuma. Mimi nikapokea mkate. Nikaimba na wengine mpaka wimbo wa mwisho.

Kisha nikawafundisha watoto habari za Sulemani. Mungu alimwambia aombe chochote, naye akaomba moyo wa kusikia, apate kuwaamua watu kwa haki. Nikabaki nimeshika chaki. Mimi nilisikia, kisha nikasema sikusikia.

Jumapili iliyofuata ilikuwa habari ya wakunga wa Misri. Farao aliwaamuru wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Walimcha Mungu, kwa hiyo hawakuua, na Farao alipowauliza wakamzungusha kwa maneno. Nilikuona wewe, Shangazi, na kitambaa chako cha njano, ukimwambia Farao asikuharakishe. Nilicheka mbele ya watoto. Siku zote nimedhani kumcha Mungu ni kuinamisha kichwa na kunyamaza, na kwa hilo mimi ni hodari. Kumbe niliyekuwa nikimcha ni Bwana Velonjara.

Naye si mtu mbaya. Siku zile alisimama mlangoni akawaambia wenye marungu kwamba ndani hamna mtu. Alidanganya tupate kuishi. Mimi nimedanganya nipate kuendelea kulala pazuri.

Juzi nilikwenda chumbani kwa mchungaji nikamwambia yote. Akanishukuru, akasema mambo kama haya hutengenezwa polepole, bila kelele. Niliporudi nyumbani, Soazara alikuwa ameshapanda lori la Ambanja, avuke bahari kutoka bandari ya Antsahampano aende kwao. Hakuniaga.

Nakuomba umtafute. Wakati wake ukifika, uwe naye.

Mwanao mwenye hatia,
Halimati


Ambanoro, 20 Agosti 1979

Mwanangu Halimati,

Salaam nyingi. Mimi mzima, na goti nimeacha kulitaja.

Kwanza nisamehe. Nilikushauri kwa woga wangu, si kwa akili.

Soazara amejifungua mtoto wa kike, wote wazima. Nilipoingia aliniuliza, "Nani amekutuma?"

"Halimati."

Akageuza uso ukutani. Uchungu ulipompa nafasi akauliza tena, "Alisema?"

"Alisema."

"Mbele ya watu wote, au chumbani kwa mchungaji?"

Mwanangu, mikono yangu ilikuwa juu ya tumbo la mtu. Ningedanganyaje? Nikamwambia, "Chumbani."

Akacheka kama mtu aliyechoka sana. "Basi kanisani bado mimi ni mwongo."

Baba yake anakataa kumpakata mtoto. Anasema binti yake amesomwa kanisani, habari imefika mpaka huku, na yeye hampokei mtoto wa uongo. Mtoto hajapewa jina.

Sikuambii tena useme wala unyamaze. Chumba kwangu kipo.

Shangazi yako,
Moinaecha


Mahajanga, Jumapili 2 Septemba 1979

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na mtoto ananyonya.

Leo ilikuwa Meza ya Bwana. Kabla kitambaa cheupe hakijafunuliwa nilisimama. Nilisema, na mama mmoja akaita, "Hatusikii, binti, sema kwa nguvu!" Ikabidi nianze upya. Nikasema maneno ya Dezire kama alivyoyasema, posa na Pasaka. Nikasema niliyasikia kwa masikio yangu, kwamba mwongo ni mimi, na kwamba Soazara alisema kweli.

Dezire akatoka nje. Mama yake akajifunika uso. Bwana Velonjara alinitazama muda mrefu, nami nikamtazama. Sikuona hasira. Niliona mzee aliyetaka kukaa chini.

Sikupokea mkate. Nilikwenda nyuma nikakaa peke yangu. Sasa nguo zangu ziko kikapuni, nasubiri kuambiwa nibaki au niende. Bado naogopa, Shangazi, na hatia haijaniacha, maana benchi lile alilikalia yeye kwa ulimi wangu. Sijioni mwenye hekima. Watoto nimewaambia watafute mwalimu mwingine.

Mwambie Soazara ilikuwa mbele ya watu wote.

Mwanao,
Halimati