Kitambaa Chekundu Mlangoni

Jumamosi, 4 Mei
Leo naanza, na nitaandika yote, hata ya kunitia haya. Kompyuta ya zamani ya Baba, ile ya studio, inakohoa. Fundi kaitegea sikio, kasema moyo wake umechoka, tuhamishe vitu vyetu upesi. Baba alikuwa mpiga video. Humo mna harusi za watu, na sisi tungali wadogo. Na Mama! Folda moja tu, "Jikoni": anakoroga sufuria huku anacheka. Tangu afariki, sauti yake tumebaki nayo humo tu.

Baba kapata diski tupu ya blu-rei, ile inayomeza vitu vingi. Ni moja tu, na ikishachomwa, yaani vitu vikishanakiliwa humo, haifutiki. Kasema mkono wangu umetulia kuliko wake, nichome mimi. Linux, ule mfumo wa kompyuta alionifundisha, sijausahau.

Jumapili, 5 Mei
Vitu vilizidi nafasi. Nikatoa folda, nikarudisha, nikatoa tena, mpaka vikaenea.

Baba akatundika kitambaa chekundu mlangoni — kama zamani! Enzi za studio, kikishatundikwa, hakuna kutembea wala kusema neno, diski isije ikaharibika. Tulisemezana kwa mikono. Wa kwanza kushindwa kila mara alikuwa Mama. Kicheko kilimponyoka, Baba akajifanya kanuna.

Kaka alidai mashine za leo hazijali nyayo za mtu. "Kaa chini, profesa," Baba akamwambia. Naye mwenyewe keshavua viatu!

Kabla sijabonyeza, Kaka akaanza kukoroga hewa kwa mkono, kama anayepika. Akarudia. Baba akajipapasa tumbo, akamwashiria: subiri, tutakula. Nilibana kicheko hadi machozi. Nikabonyeza. Tukakaa watatu, kimya, mashine ikivuma. Nyumba ilikuwa ile ile ya zamani.

Jumatatu, 6 Mei
Kompyuta haiwaki. Inagonga tu ndani, ko, ko. Hatukujali — diski si tunayo? Tukaijaribu kwa jirani. Harusi zipo. Sisi tupo. "Jikoni" haipo.

Niliitoa nipime nafasi. Sikuirudisha.

Kaka akasema polepole kwamba aliona haimo kwenye orodha, ndiyo aliyokuwa akituonyesha. Mbona hukusema! nikamfokea. Akasema kitambaa kilikuwa kimeshatundikwa.

Baba hakumgombeza yeyote. Afadhali angegomba.

Jumanne, 7 Mei
Fundi kaifungua kompyuta, kaifunga, katikisa kichwa. Basi.

Kitambaa bado kiko mlangoni. Hakuna anayethubutu kukitoa.

Nikiosha vyombo, Baba akaja mbio jikoni, sabuni ya kunyolea bado shavuni. Kakumbuka! Mama alimchomea mdogo wake nakala, kabla huyo mdogo hajahamia mbali. Nimeandika ujumbe kwa simu ya Baba:

Shikamoo Mama mdogo. Tafadhali nijibu papo hapo, tumekaa hapa watatu, kimya. Ile diski ya Mama akicheka jikoni, bado unayo?