Mwimo wa Mlango Wako

Marwa, mwenzangu wa rika,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda chako. Changu kimevunjika mguu, na seremala wa kijiji hiki ni mimi, kwa hiyo unajua kitakaa hivyo hadi lini. Natumaini huko uliko shingo haikuumi tena.

Mvua zimenyesha vizuri. Mahindi ya shamba la kijiji yamefika kiunoni na pamba imeanza kuchanua. Nyati nao wameanza kushuka. Wanasimama ng'ambo ya korongo, pale pale mbali ambapo wewe peke yako uliweza kuwafikia kwa risasi, na wanatutazama kama watu wanaosubiri kualikwa. Giza likiingia wanavuka. Upande wa chini wa shamba umeshakuwa uwanja.

Bunduki ya kijiji amepewa Mwita, mtoto wa kaka yako. Mwenyekiti alipendekeza, bwana nyama wa idara ya wanyamapori akakubali. Ni kijana mtulivu, jicho lake zuri, lakini ni mrefu kama nguzo, mikono inamfika magotini. Alipiga kichuguu mara ya kwanza akakosa. Alipiga mara ya pili akakosa zaidi. Akanirudia akishika taya. "Baba," akasema, "hii bunduki inanipiga kofi mimi kabla sijampiga nyati."

Nilicheka. Bunduki haina kosa. Inakutafuta wewe.

Unakumbuka ilivyokuja? Kitako chake, ule mti wa kushika na kuegemeza begani, kilichongwa ng'ambo ya bahari kwa ajili ya mtu wa mikono mirefu na shingo inayogeuka. Yako haikugeuka tangu lile dume lako la ng'ombe lilipokurusha juu ya ua wa zizi. Ulikuwa unainua bunduki kama mtu anayetaka kunywa kibuyuni, na bado jicho halikufika kwenye shabaha. Tena wakati wa masika risasi zilikwenda kushoto, kiangazi zikaenda kulia. Ulisema imerogwa. Mimi nilikuwa nimesoma zamani, katika kitabu kimoja cha misheni, kwamba ubao hunywa maji hata baada ya kufa, na ukinywa hujikunja. Nikapitisha karatasi ya gazeti kati ya mtutu na mti. Ikakwama. Mti ulikuwa unausukuma mtutu, basi.

Ukanitazama, ukasema, "Kumbe mchawi ni mvua."

Tukahitaji mti uliokwisha kunywa na kukauka mpaka umechoka, usioweza kujikunja tena. Ukaingia ndani ukatoka na mwimo, nguzo ya ubavuni ya mlango wako wa zamani.

Hapo nilitaka kukukatalia. Nilikuwepo siku ile ya kuhamishiwa kijiji hiki, pale vilimani juu ya Nyansurura, walipoezua nyumba zetu ili tusirudi. Wengine walibeba vyungu na magunia. Wewe uling'oa miimo miwili ya mvule ambayo baba yako aliichonga, ukaifunga kwa kamba mgongoni. Yule ofisa kijana akacheka: "Mzee, unahamisha mlango bila nyumba?" Ukamjibu bila kugeuka, maana hukuweza kugeuka, "Nyumba mmesema mtanipa. Mlango ni wangu."

Kwangu mimi ile ilikuwa mara ya pili. Nilipokuwa kijana mpaka wa hifadhi ulipita juu ya nyumba ya baba yangu kule bondeni, tukapanda kwenu vilimani na mizigo kichwani, na ninyi mkatupokea. Mtu aliyehamishwa mara mbili anajifunza kutobeba kitu. Nilikuonea wivu, Marwa, kwa miimo ile.

Nikauchonga mmoja. Nilikupima kwa mwili wako: mwisho wa kitako ndani ya kiwiko, kidole kifike kwenye kifyatulio bila kunyoosha bega. Mahali pa shavu niliacha nundu, juu kuliko bunduki yoyote niliyowahi kuona, ili badala ya shingo kuifuata bunduki, bunduki iifuate shingo. Chuma nikakipaka masizi ya kibatari, nikakilaza ndani ya mti, nikakitoa, nikachonga kila penye weusi. Tena na tena, mpaka chuma kikakaa nyuma kama mtoto aliyebebwa, na mbele karatasi ikapita chini ya mtutu bila kugusa. Halafu mafuta ya kitani kutoka Tarime, na jua, na mafuta tena. Mkeo Bhoke alilalamika kwamba mke mwenza wake mpya ananuka.

Ukaweka kibuyu juu ya kichuguu ng'ambo ya korongo. Ukapiga. Kibuyu hakikuwepo tena. Ukakaa chini polepole, ukasema, "Sasa inajua Kikurya."

Hayo ndiyo ninayopenda kukumbuka. Yaliyofuata nayo nayakumbuka.

Wazee walikuwa wakinong'ona kwenye pombe kwamba mazao yakiliwa msimu mmoja zaidi, wakubwa watatuachia turudi vilimani. Bwana shamba mwenyewe alikuwa ametamka kwamba mahali panapoliwa na wanyama si mahali pa kijiji. Tulijua hivyo, mimi na wewe, tulipokuwa tunapaka masizi. Lakini wajukuu wa Bhoke walikuwa wanalala na uji mwepesi. Wewe ukapiga dume moja la mbele, kwa mbali, likaanguka kabla wenzake hawajasikia mlio, na kundi likageuka. Msimu ule tukavuna. Wakubwa wakaja na gari, wakatusifu, wakapima uwanja wa shule. Tukawa kijiji cha kuigwa. Hakuna aliyesema tena habari za vilimani.

Jioni ile ulisimama kwenye mstari wetu wa nyumba, zote zikitazama upande mmoja kama watu walio kwenye foleni. Ukasema, "Tumelenga vizuri mno."

Tangu hapo kutoka ni kwa kibali. Kwenda kuona shamba la zamani ni kwa kibali, na jibu huwa "baadaye." Hata wewe hatukuruhusiwa kukupeleka ukalale mlangoni pa zizi la baba yako. Tumekuzika hapa, mwisho wa mstari, karibu na ghala.

Sasa mwenyekiti amekuja na amri. Ni mtu mwema, simlaumu. Amesema, "Mzee, mfanyie Mwita kitako. Kata hiyo nundu, ongeza kipande nyuma, nyati watatumaliza." Nilichukua patasi. Kwenye nundu shavu lako limeacha kibonde, laini, cheusi kwa jasho na mafuta. Niliweka kidole pale. Sikuweza. Nikawaza pia lile jambo la zamani: nikikataa, nyati watakula, na huenda tukarudishwa. Naweza kutufungua kwa kukaa tu bila kufanya kazi. Nilikaa hivyo siku nzima, Marwa. Niliwasikia wajukuu wako wakifukuza ndege shambani.

Asubuhi nikamkuta Bhoke mlangoni. Ameburuta ule mwimo wa pili, aliokuwa akikalia jikoni. Akaulaza miguuni pangu. Kisha akaonyesha bunduki. "Huyu mwache alivyo," akasema. "Mkate huyu."

Nimemkata. Mwita nimempima kiwiko, chuma nimekipaka masizi, karatasi inapita. Jana amepiga ng'ambo ya korongo na nyati wamegeuka. Watu wameshangilia. Mimi nimesikia komeo likiingia mahali pake, na ni mimi niliyelichonga, kwa mara ya pili. Watoto watakula. Sisi tutabaki.

Lakini kitako chako ninacho, kimefungwa kwenye shuka yako. Kina shavu lako, bega lako, alama ya kidole gumba. Nimemwambia mwenyekiti kwamba kijiji kinahitaji mbao nyingine kavu, na mbao za namna hiyo ziko vilimani tu, kwenye mahame yetu. Kwa ajili ya bunduki amekubali mara moja. Kibali kimeandikwa kwamba naenda kutafuta mbao. Hakikusema kwamba nisiende nimebeba kitu.

Lala hapo karibu na ghala, ndugu yangu, usituchoke. Tukimaliza kuvuna nitakwenda. Mashimo ya miimo yako bado yapo, waliopita wameniambia. Nitachimbua lile la kulia, nikuweke wima, nundu ikitazama zizi, na nitashindilia udongo kwa mguu wangu mwenyewe.

Nami nitarudi kabla kibali hakijaisha.

Mwenzako.