Sehemu ya Babu

Bondeni,
Nakuru.
14 Julai, 1957

Mpendwa ndugu yangu Khaemba,

Salamu zangu zitoke huku kwenye baridi zikufikie huko Tabora kwenye jua, zikukute mzima pamoja na wifi yangu Mama Nabalayo na watoto wote. Sisi hatujambo. Shemeji yako Odero mgongo unamsumbua, lakini si wa kumzuia kula. Bado anasafiri na gari la moshi, na kila akirudi kutoka Kisumu ananiletea samaki mpaka nyumba inanuka ziwa. Mimi ni mzima, na huo uzima wangu nitaurudia.

Na wewe, hujambo kweli? Usinijibu vile watu hujibiana njiani. Nataka jibu la kweli, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Mvua ya mwaka huu haina adabu. Nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima zikirudi ndani zimelowa kuliko zilivyotoka. Paa la jikoni linavuja pale pale lilipovuja ulipotutembelea, na Odero bado anasema atalitengeneza wiki ijayo.

Yule jirani yangu Wachuka, mumewe amerudi kutoka kizuizini. Alishuka pale barabarani mifupa mitupu, hata watoto wake walimkimbia. Wanawake wa laini yetu ya nyumba za reli tulikubaliana, kila mmoja akawa anapeleka kitu: uji wa maziwa, siagi kidogo, mchuzi wenye mafuta juu. Sasa mashavu yanarudi na jana nilimsikia akicheka. Likumbuke jambo hili la mume wa Wachuka, maana nalitaka mbele.

Barua yako ilifika. Nimeisoma mara nyingi mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Umeandika kwa furaha kwamba Nabalayo, binti yako, ametokwa na vinundu nyuma ya visigino, vigumu, vya rangi ya manjano, kama vyako na vya marehemu baba. Umesema babu amerudi, na safari hii amechagua msichana. Ukamwomba Mama atengeneze samli, ili mtoto aanze kula sehemu ya babu kama ilivyo desturi ya mlango wetu.

Mama alifurahi kupita kiasi. Alikusanya maziwa, akasukasuka, akachemsha, akaweka samli kwenye mkebe mkubwa, akampa mtu wa kwetu anayefanya kazi huku auweke mikononi mwangu. Mimi nimpe Odero, Odero aufikishe Kisumu kwa wenzake, uvuke kwa meli mpaka Mwanza na kutoka hapo upande treni hadi kwako. Mkebe uko hapa. Umekaa kwenye kona ya jikoni mwangu tangu mwanzo wa mwezi, na baridi ya Julai imeugandisha ukawa mgumu na wa manjano.

Sitautuma, Khaemba.

Najua unavyosema sasa hivi. Unasema, Naliaka ana wivu wa zamani. Na kweli nilikuwa nao! Unakumbuka Wamalwa alipotokwa na vyake, na wewe baada yake? Mama alivyochovya vidole akavipaka samli vile vinundu, na mkakalia kigoda cha babu mkala kwanza, peke yenu, mafuta ya mkia wa kondoo na kidari na samli juu ya mboga, mimi kando nikimeza mate? Nilikuwa msichana mkubwa tayari, wa kuchumbiwa, lakini nilichukua jiwe nikasugua visigino mpaka vikavimba, nikaenda kumwonyesha Mama. Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia babu hachagui wasichana. Nililia siku hiyo na bado naikumbuka harufu ya ile nyama.

Sasa nikueleze kwa nini mimi, niliyeililia sehemu ile, ndiye ninayemnyima binti yako.

Marehemu kaka yetu Wamalwa alipofia kazini kule Elburgon mwezi wa Machi, nilikuandikia kwamba alianguka tu. Hivyo ndivyo nilivyojua wakati ule. Baadaye alikuja hapa Kemboi, aliyekuwa akifanya kazi naye kwenye kiwanda cha mbao, akaniletea koti na kofia yake. Nikamketisha, nikampa chai. Alizungusha kikombe kwa muda bila kunywa.

"Mama, ndugu yako hakukuwa mgonjwa," akaniambia. "Tulikuwa tunapakia mbao kwa lori. Akashika kifua hapa, akageuka nyuma, akasema, 'Naam!' Mimi nikamwuliza, nani amekuita? Hapakuwa na mtu huko nyuma. Ni msitu tu."

Khaemba, hapo nilimkumbuka baba. Unaikumbuka siku ile aliyokufa, tulikuwa wote shambani tukipanda. Alishika kifua, akageuka upande wa kaburi la babu, akaitika, "Naam!" kama mtoto aliyetumwa. Wewe ndiye uliyeufungua mkono wake, na mbegu zilikuwa bado ndani. Na babu mwenyewe, huyo unayebeba jina lake, wazee wanasema alianguka akifyeka nyasi, na mkewe alimsikia akimjibu mtu.

Tangu Kemboi aondoke silali vizuri. Hata mchana nikiwa peke yangu nafua, upepo ukigonga mlango, nageuka. Naogopa kuitika. Odero ananicheka, anasema mke wake amekuwa kiziwi, mtu anabisha hodi nje na mimi nimekodoa macho tu.

Kwa kuwa Wamalwa alifia kazini, mwili wake uliletwa hospitali hapa Nakuru ukapasuliwa. Daktari aliviona vile vinundu, akaandika kwa wakubwa wake Nairobi kuuliza. Jibu lilipokuja, mwezi jana, akaniita. Aliyenipeleka ni Milcah, muuguzi wa pale, tunasali naye. Nilidhani wananiita niweke dole gumba kwenye karatasi za marehemu. Kumbe daktari alitaka kunitazama visigino. Alinivua viatu mwenyewe, mzee wa Kizungu na mvi zake, akapapasa, akatazama viwiko, akanifungua macho akatafuta duara jeupe kuzunguka mboni. Hilo duara baba alikuwa nalo, tukidhani ni macho ya hekima.

Akachukua damu. Kisha akaniuliza habari za baba na babu, nami nikamwambia yote, hadi ile "naam." Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alisema kwa Kiswahili chake, "Mzee hapana ita watu, mama. Yeye nawacha damu yake tu."

Milcah ndiye aliyenifafanulia tulipotoka. Kuna aina ya mafuta ambayo kila mtu anayo katika damu, na bila hayo hatungeishi. Mwili wenyewe unayatengeneza. Lakini kuna nyumba ambazo damu yao haijui kuyaondoa yakizidi. Yanabaki, yanajipaka polepole ndani ya mishipa ya moyo, kama ule mfereji wa nyuma ya laini yetu tunakomwaga maji ya sufuria, siku moja unakuta umeziba na hakuna aliyeona ukiziba. Mengine yanatoka yanakaa nyuma ya visigino na kwenye viwiko. Vinundu vyetu, ndugu yangu, ni mafuta. Tuliyaona yakitoka nje tukashangilia, tukaongeza mengine.

Nilimwuliza Milcah, mbona mume wa Wachuka tunampa siagi na anapona? Akasema, "Dada, mafuta si adui. Mwenye njaa humrudisha, mtoto humkuza, maziwa ya mama yamejaa mafuta. Lakini nyinyi, yule mliyempa kijiko kikubwa ndiye hakufaa kupewa hata kidogo."

Nimeyafikiria maneno hayo nikiosha vyombo, nikisali, nikipika. Katika nchi nzima ni sisi tu tungeweza kufanya kosa hili. Jirani akitokwa na uvimbe huenda kwa mganga. Sisi tuliuweka kwenye kigoda tukaulisha.

Damu yangu ilirudi nzuri. Niliposikia nililia, na Milcah akadhani ni furaha. Sijui ilikuwa nini. Watatu tulikuwa kwa Mama, na mimi ambaye babu hakunichagua ndiye niliyesimama pale nikiambiwa nitazeeka.

Sasa naja kwenye mstari mmoja wa barua yako, ule uliouweka katikati ya habari za jua na za asali, kana kwamba haukuwa kitu. Umesema juzi ulipopanda ngazi za ofisi ya stesheni kifua kilikubana, ukageuka ukidhani umeitwa.

Nilipousoma mstari huo nilikaa kwenye sakafu. Khaemba, umri wako ndio ule ule aliokufa nao baba.

Nakusihi, wala sikushauri kama dada mwenye maneno mengi. Barua hii ikifika, nenda hospitali na Nabalayo. Mwonyesheni daktari visigino, mwambieni habari za baba na za Wamalwa, mwombeni awapime damu. Nabalayo ana bahati, mafuta hayajakaa ndani yake miaka mingi kama yako. Wadogo zake nao wapimwe, maana daktari alisema damu hii humpata mmoja ikamwacha mwingine, na haijali msichana wala mvulana. Hilo la kuchagua wavulana tu, angalau babu amelinyoosha.

Sitakudanganya kwamba kuna dawa. Niliuliza. Daktari alisema haiko bado, na hata vitabu vyao vinabishana. Alichojua ni hiki: uache samli, mafuta ya kondoo, siagi, maini, na mayai yawe ya wageni. Kula maharagwe, mboga za kuchemsha, ugali, na hata hao samaki wa Odero ninaowasema vibaya. Sigara nazo uache, najua unavuta ingawa unamficha Mama.

Mama sijamwambia. Nitamwambiaje? Alimlisha mume wake kwa upendo, akamlisha mwanawe wa kwanza kwa upendo, kisha wewe, kijiko kwa kijiko, na samli ya kijiko cha nne imo jikoni mwangu. Angeniuliza, basi ni mimi? Na mimi ningejibu nini? Usimwandikie jambo hili. Nikienda nyumbani Desemba nitalitafutia siku, nikimshika mkono. Labda nitashindwa.

Ule mkebe ulinitesa. Kumwaga samli ya Mama siwezi, mkono ulikataa. Kumpa jirani niliogopa, ingawa najua kwa mwingine ni chakula tu. Mwishowe, jana jioni, nilisokota utambi wa pamba, nikaupachika kwenye kibakuli cha samli, nikawasha. Ndiyo taa ninayoandikia. Inawaka vizuri, haina moshi. Lakini nyumba nzima inanukia siku za kuchinja kondoo, na kigoda changu kitupu kilicho mbele yangu, naapa, sikitazami sana. Mzee alitaka sehemu yake, na aile hapa kwa moto mpaka iishe. Mama akiniuliza kama imefika, nitamwambia babu amekula, na nitakuwa nimesema kweli.

Nisalimie Mama Nabalayo, mwambie asinikasirikie kwa kumharibia mapishi. Wape watoto wadogo salamu za shangazi wao. Nabalayo mpe salamu za peke yake. Mwambie sikumnyima kwa wivu. Mwambie visigino vyake ni vyake, si vya mtu aliyekufa, na avipeleke mbali. Odero anakusalimu, anasema ukija atakupikia samaki mwenyewe. Milcah pia anakusalimu ingawa hakujui, anakuombea kanisani kwa jina.

Katika mlango wetu sijawahi kuona mwanamume mwenye mvi. Hilo ndilo ninaloliomba kwa Mungu, sina lingine: akupe mvi, ndugu yangu, kichwa kizima, mpaka Nabalayo akucheke.

Nijibu upesi. Na siku ukishika kifua ukasikia nyuma yako mtu anakuita kwa jina lako, na ukigeuka hakuna mtu, usiitike. Kaa chini, umwite wewe aliye karibu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Naliaka