Namba Zilizogeuka Herufi

Jumatatu, 12 Mei

Asubuhi Tangini, kwenye duka la kutoa kopi. Printa ileile, karatasi imekwama palepale. Nimeitoa kwa kibanio cha nyusi cha mwenye duka. Dakika tano. Nikabaki nimesimama mlangoni, sijui niende wapi tena.

Saa nne akapiga Mwalimu Zuhura wa Kisarawe. Programu yake ya nukta nundu, maandishi ya wasioona, haifunguki. Kompyuta inawaka, ile sauti inayomsomea skrini inasema vizuri, ila akiifungua programu hiyo kunakuwa kimya. Amejaribu tangu saa moja.

Aliyeigusa kompyuta hiyo mara ya mwisho ni mimi. Jumamosi. Aliniita nimbadilishie kibodi tu. Nikabadilisha. Halafu kwa kuwa intaneti ya shule yao ilikuwa na kasi siku hiyo, nikasasisha mfumo mzima bila kumwuliza, nikafuta na mafaili ya zamani ili kupata nafasi. Sikuifungua programu hata mara moja kuangalia kama bado inafanya kazi. Nilikuwa na haraka. Sina ninakokwenda, lakini haraka ninayo siku zote.

Nimemwambia, "Itakuwa mashine imechoka, Mwalimu."

Uongo. Umenitoka mdomoni kwa urahisi kuliko salamu.

Mtihani wa majaribio wa darasa la saba ni Jumatatu ijayo. Ana wanafunzi wanane wasioona. Karatasi zao za mtihani anazitengeneza yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe haoni. Anaandika swali, programu inaligeuza kuwa nukta, mashine inazichomoza nukta kwenye karatasi nene. Kabla ya mashine hiyo watoto walikuwa wanasomewa maswali kwa sauti. Msomaji mmoja alichoka njiani akaanza kuruka mistari. Mwalimu hajamsamehe mpaka leo.

Nimekula nimesimama. Mama kaniangalia tu.

Jumanne, 13 Mei

Bodaboda kutoka nyumbani Mkuza, tumepitia Kiluvya. Vumbi mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Haika. Umekuja na pumzi za mbio. Kaa kwanza."

Sikukaa. Nimefungua kompyuta hapohapo. Nimeiita programu kwa amri ya maandishi ili iseme yenyewe inaumwa nini. Imesema mstari mmoja: kuna faili la maktaba ambalo hailioni. Faili hilo jina lake linaishia na namba mbili.

Enzi nafundisha nilikuwa nawaambia wanafunzi hivi: programu ni mpangaji. Haji na kisima chake. Anachota kwenye bomba la uani pamoja na wenzake. Maktaba za pamoja, mafaili ambayo programu zote huyategemea, ndilo hilo bomba. Sasa mimi Jumamosi nimeng'oa bomba la zamani nikaweka jipya. Lipo, jina ni lilelile, ila linaishia na namba tatu. Wapangaji wengine wote wanachota bila shida. Huyu mmoja ndoo yake haiingii.

Nimetafuta nakala ya namba mbili kwenye kompyuta nzima. Hakuna. Niliifuta kwa mkono wangu.

Mwalimu kaniuliza, "Mashine imechoka wapi, kwenye diski?"

Nikasema ndiyo.

Nilitoka nje mara tatu kujifanya napokea simu.

Jumatano, 14 Mei

Siku nzima nyumbani, intaneti ya simu. Ghala la mtandaoni lililokuwa na mafaili ya mfumo wa zamani halipo tena. Nimepata faili lenye jina sahihi kwenye ghala jingine, nikashangilia peke yangu. Kumbe ni la kompyuta za aina nyingine. Likakataliwa papo hapo. Nimepata jingine, na hilo linadai faili la pili, la pili linadai la tatu, la tatu haliko popote duniani.

Waliotengeneza programu hii waliacha kuihudumia zamani. Toleo jipya hakuna. Nimewaandikia. Barua pepe imerudi.

Mwalimu kapiga mara mbili. Mara ya pili nimeiacha simu iite mpaka ikachoka.

Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimepanga upya waya zote za kwenye boksi. Mama kaja mlangoni akasema, "We mtoto, umekosana na nani?"

Nikamwambia na faili. Hakucheka.

Naogopa. Hilo ndilo neno lenyewe.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi Kisarawe na akili ya mkato. Kama programu inataka namba mbili, nitalipachika faili la namba tatu jina la namba mbili. Amri moja fupi. Mafundi wote tunaijua na wote tunajua haifai. Ni sawa na kumpa mtu kitambulisho cha mwenzake aende nacho benki.

Programu imefunguka!

Sauti ikasoma jina lake, Mwalimu akapiga makofi mara moja, pa, kama mtu anayeua mbu. Akaanza na Hisabati palepale. Mashine inagonga kama cherehani kubwa. Karatasi zinatoka, anazipanga kwa vidole, ukurasa kwa ukurasa, nakala nane. Kanilisha mihogo na chachandu. Kawaombea dua wazazi wangu, aliye hai na aliyetangulia.

Nimekula mihogo yote.

Nimeondoka kabla hajaanza kuzikagua karatasi. Aliniambia nisubiri. Nikasema nina mteja Tangini. Sikuwa na mteja.

Ijumaa, 16 Mei

Kapiga saa mbili asubuhi. Sauti yake ya chini.

"Haika, njoo. Njoo usome na mimi."

Amenikalisha mezani. Akaushika mkono wangu, akakiweka kidole changu cha shahada juu ya nukta. Akasema hapa inapaswa kuandikwa kumi na mbili jumlisha tano. Kwenye nukta nundu namba hazina umbo la peke yake. Moja ni nukta zilezile za herufi a, mbili ni za b, tano ni za e. Kinachozifanya ziwe namba ni alama moja inayozitangulia. Alama hiyo haipo. Haipo kwenye ukurasa wa kwanza wala wa mwisho. Mtihani mzima wa Hisabati umetoka herufi tupu. a-b jumlisha e.

"Mtoto akiishika hii," kasema, "atadhani ni yeye aliyesahau kusoma."

Karatasi nene za nakala nane zimekwenda. Alizipata kwa kuandika barua miezi mitano.

Hapo nikasema. Sikujipanga, imetoka yote kwa mpigo. Kwamba mashine haikuchoka. Kwamba nilisasisha bila kumwuliza, nikafuta, nikaondoka. Kwamba jana nililibadilisha faili jina nikijua si lenyewe, na nikakimbia kabla hajakagua.

Nje watoto walikuwa wanaimba wakitoka mapumziko.

"Ungeniambia Jumatatu," kasema, "ningeshaandika kwa mkono. Nina kibao changu na kalamu yangu ya chuma ya kutobolea nukta. Siku tano, Haika. Kwa mkono ningemaliza Hisabati na Sayansi. Umenilia siku tano kwa kuogopa aibu ya dakika moja."

Hakupaza sauti. Bora angepaza.

Nilipofika mlangoni akauliza, "Hilo faili la kweli liko wapi?"

Nikasema sijui. Nikasimama. Halafu nikajua.

Jumamosi, 17 Mei

Ile shule ya Tangini. Nilifundisha kompyuta pale miaka mitatu. Niliacha barua kwenye meza ya mkuu wa shule nikaondoka katikati ya muhula, bila kuaga mtu. Sababu niliandika "binafsi". Ukweli ni kwamba nilichoka kukaa mahali pamoja. Tangu hapo nikifika karibu na geti lile huwa navuka barabara.

Chumba kile kina kompyuta ishirini nilizozipanga mimi, mfumo uleule wa zamani. Nimezunguka ukuta wa shule mara mbili kabla ya kugonga.

Mkuu wa shule alikuwa ofisini. Kazeeka kidogo. Nimemwamkia, kaitikia. Nimemweleza yote: Kisarawe, watoto wanane, namba zilizogeuka herufi, kosa langu. Nimesema yote kwa kuwa sasa sina nguvu za kupunguza.

Kasema, "Darasa lako la kidato cha pili walikuuliza wiki nzima. Niliwaambia unaumwa."

"Samahani, Mkuu."

"Samahani hiyo siyo ya kwangu."

Kachukua ufunguo ukutani akatangulia. Chumba kina vumbi. Kompyuta tisa tu ndizo zinazowaka. Mwalimu wa somo hawajampata tangu nilipoondoka. Hakuna aliyesasisha kitu, hakuna aliyegusa. Vibandiko vya majina ya wanafunzi wangu bado vipo kwenye skrini.

Nimewasha ya kwanza nikatafuta. Faili la namba mbili lipo. Nimelichukua. Safari hii sikukimbia. Nimeiuliza kompyuta faili lenyewe linategemea nini, ikanipa orodha, nikakuta linahitaji jingine dogo ambalo Kisarawe pia halipo. Nikalichukua na hilo. Nikakagua aina ya mashine, inafanana. Nikanakili kwenye flashi mbili, moja mkobani na moja mfukoni.

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Nilipomaliza nimemwomba radhi tena, vizuri, nikimtazama. Kasema haya. Kasema na flashi zako uzikague virusi. Basi.

Nimetembea kwa miguu kutoka Tangini mpaka nyumbani Mkuza. Jua kali. Nimelia njiani kidogo, hasira yote juu yangu mwenyewe.

Jumapili, 18 Mei

Kisarawe saa moja asubuhi. Kabla sijagusa kitu nimemwambia Mwalimu kila hatua ninayotaka kuchukua, naye akasema ndiyo au ngoja. Alisema ngoja mara mbili. Mara zote mbili alikuwa sahihi.

Kwanza nimelitoa lile jina la uongo. Kisha nimeyaweka mafaili mawili kwenye folda ya pembeni, yao peke yao, ili yasigombane na mapya. Nimeiambia programu ianze kuangalia humo kabla ya kwingine. Nikaiuliza inakosa nini. Imejibu kila kitu kimepatikana. Mwalimu akaniambia nisifurahi, nichapishe mstari mmoja.

Mstari mmoja ukatoka. Kaupitisha kidole. Kaupitisha tena.

"Kumi na mbili," kasema. "Jumlisha. Tano."

Hakupiga makofi leo.

Mashine imegonga mpaka adhuhuri. Sayansi, Kiswahili, Maarifa ya Jamii, Kiingereza. Hisabati tukaiweka mwisho, na karatasi nene zikaishia kwenye nakala ya sita. Zimebaki nakala mbili.

Mwalimu kafungua kabati akatoa kalenda za zamani, zile za ukutani, karatasi ngumu. Miaka yote watu wanamwekea. Akanipa mkasi nikate. Akabana karatasi ya kwanza kwenye kibao, akashika kalamu ya chuma.

"Nisomee. Polepole. Usiruke hata nukta."

Nimesoma. Yeye anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa, ili karatasi ikipinduliwa zisomeke kutoka kushoto. Sijawahi kuona kitu kama hicho. Swali moja, anatulia, linalofuata. Nilipoharakisha aligonga meza kwa kalamu. Kuanzia swali la kumi hakugonga tena.

Nilikaa kwenye kiti kile kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja. Miguu ilinisumbua mwanzoni kama inawashwa. Baadaye nikaisahau.

Wakati wa kuondoka nikamwuliza kama amenisamehe. Kasema, "Kesho watoto wafanye mtihani kwanza." Halafu kasema kompyuta yake nisiiguse tena bila yeye kuwa ameketi karibu yangu. Nikasema sawa. Nimemwandikia kwenye faili la maandishi, la kusomewa na sauti, nilichobadilisha na namna ya kukirudisha, hata kama siku hiyo fundi si mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda Kisarawe kukaa karibu, endapo kitatokea kitu. Hakikutokea.

Kumenyesha kidogo asubuhi, ukungu juu ya vilima. Mwalimu Zuhura na mimi tulikuwa kwenye benchi nje ya darasa. Dirisha liko wazi. Ndani hakuna sauti ya mtu. Ni vidole tu vinavyopita kwenye karatasi, watoto wanane, kama mtu anapepeta mchele mbali. Mara kalamu ya chuma inatoboa. Mara inanyamaza.

Yeye alikuwa na kanga mabegani na mikono mapajani. Mimi mikono mapajani pia.

Walipotoka Hisabati, msichana mmoja, Mwanaidi, alikuja akipapasa ukuta mpaka kwenye benchi. Yeye ni mmoja wa wawili waliopewa nakala ya kalenda. Alikuwa amenuna.

"Mwalimu, swali la kumi na nane ni gumu. Lile la tangi la maji. Umetuonea."

"Gumu kweli," kasema Mwalimu. "Hata mimi lilinitoa jasho. Umepata ngapi?"

"Lita mia mbili na arobaini."

Mwalimu hakumwambia kama kapata au kakosa. Alisogea kidogo, akampisha akae katikati yetu.