Ukurasa wa Arobaini

Dada Mi-sook mpendwa,

Kimchi yako, ile kabichi ya kuchachusha, imefika salama, na kikohozi cha Baba kimepungua.

Uliuliza kazi yangu ya kiwanda cha meli iliishaje. Kwa miezi mitatu nilichunguza jinsi watu wa pale wanavyofanya kazi pamoja, nikaandika kwamba wanaogopa kuwapelekea wakubwa habari mbaya. Mchomeleaji mmoja, mzee Pyo, alinionyesha jukwaa lililolegea, lile wanalosimama juu yake wakichomelea ubavu wa meli. "Binti, sisi tukisema tunaitwa wakorofi," alisema. "Wewe msomi, watakusikia."

Siku ya kuwasilisha ripoti, mkurugenzi aliniuliza mbele ya wakubwa wote, "Kuna la haraka?"

Nikaona haya kumwaibisha. "Hapana, mkurugenzi. Yote yamo kwenye ripoti."

Habari ya jukwaa nilikuwa nimeiandika ukurasa wa arobaini, na hakuna aliyefika huko. Alhamisi likaanguka na mzee Pyo akiwa juu yake. Yu hai, Dada, lakini hatatembea tena.

Jana nilikwenda hospitali nikamweleza mkewe nilivyonyamaza. Nilitaka anifukuze. Akasema, "Mimi umeniambia. Wenye mamlaka je?"

Kesho nakwenda kwa wakaguzi wa serikali kuwaeleza yote, hata kunyamaza kwangu. Baba usimwambie bado.

Mdogo wako,
Eun-bi